Chokaa ya Evance

Sabra alitumbukiza mkono bwawani, akautoa na kamba mmoja mchanga, urefu wake kama kidole cha mwisho. Alimbonyeza kidogo tu. Kamba akabonyea kama bamia iliyopikwa, na ute ukabaki kwenye vidole.

"Hata huyu," alisema.

Wifi yake, Asha, alikuwa ng'ambo ya bwawa, khanga ameikunja hadi magotini. Alikuwa anaokota vichwa, miguu, vipande vya mikia. Kamba walikuwa wanalana.

"Labda wana njaa," Asha alisema.

"Njaa gani? Chakula cha jana hicho, kimebaki."

Kamba mchanga hukua kwa kuvua gamba. Hulivua lile lililombana, hujificha chini ya jiwe au majani, na baada ya saa chache gamba jipya huwa gumu, naye hutoka akaendelea na maisha yake. Hawa wa Sabra walikuwa wanavua, halafu gamba jipya haligandi. Leo laini, kesho laini. Wakitoka kutafuta chakula wenzao wanawararua, na waliorarua leo zamu yao inafika kesho.

Sabra alijua kinachofanya hivyo. Alijua kwa sababu alifundishwa, na aliyemfundisha ni Evance.

Huyu Evance alikuwa bwana samaki wa serikali. Alikuja Morogoro kusoma, akapewa kazi, akabaki. Alizoea kufika Mlali, kijijini kwa kina Sabra, kwa pikipiki ya idara, amevaa mabuti, amebeba vifaranga vya perege kwenye mfuko wa plastiki, na mchana akala ugali nyumbani kwa Sabra kama mtu wa ukoo. Halafu serikali ikaanza kupunguza watu. Viwanda vya mjini vikawa vinafungwa, vingine vinauzwa, na mabwana shamba na mabwana samaki wakaambiwa waende wakajitafutie. Evance alirudisha pikipiki, akafungua duka la pembejeo Mwembesongo, mjini, maana sasa kila mtu aliruhusiwa kuuza kila kitu. Ndiye aliyeleta habari za kamba. Hoteli za Dar es Salaam zinawataka, alisema. Vichanga vyao vinatotolewa pwani kwenye maji yenye chumvi, vikikua kidogo vinazoezwa maji baridi, na hapo vinaweza kufugwa hata huku chini ya mlima.

Siku aliyokuja kuangalia mabwawa alichovya kikaratasi cha kupimia kwenye maji, akakiinua juu ili wanawake wote wakione.

"Mnaona rangi hii? Maji yenu ni mazuri ya kunywa. Yanatoka mlimani, hayajachafuka. Lakini ni machachu."

"Sisi tumeyanywa tangu tuzaliwe," Asha alimjibu. "Hatujasikia uchachu."

"Wewe shemeji huna gamba," Evance alisema, na wote wakacheka. Kisha akaacha mzaha. "Sikilizeni vizuri. Kamba, kaa, konokono, chaza wa baharini, wote hawa wanajenga nyumba zao kwa chokaa iliyomo majini. Maji yakiwa machachu, chokaa inapotea. Mkubwa anaweza kuvumilia. Mchanga hawezi. Atavua gamba la zamani, na jipya litabaki kama utandu wa maziwa. Wenzake watamla. Kwa hiyo, kabla ya vichanga, chokaa. Katikati ya msimu, chokaa. Mkisahau kila kitu nilichosema leo, hilo msilisahau."

Hawakulisahau. Msimu wa kwanza walimwaga chokaa hadi mikono ikawatoka malengelenge na makoo yakawawasha. Kamba walikua wakawa na magamba magumu yanayolia kwenye meno. Gari lilikuja kutoka Dar likawachukua, na Sabra akaezeka nyumba yake bati upande mmoja. Wanawake wa Mlali waliokuwa wakimcheka wakaenda kwa wajomba zao kuomba vipande vya ardhi kando ya kijito.

Nasema kwa wajomba, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mabwawa ya Sabra yalichimbwa kwenye ardhi ya lukolo, yaani ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu ya ardhi hiyo alikuwa mjomba wake, mzee Dadi. Alimpa kwa moyo mweupe. "Chimba mwanangu," alimwambia. "Ardhi yako hiyo kama ilivyo yangu."

Msimu wa pili chokaa ilikuja kwenye mifuko mipya yenye maandishi ya buluu. Asha alichota kiganja, akairusha bwawani, akatazama mkono wake.

"Wifi, hii haiwashi."

Walipomuuliza Evance alisema ni chokaa ya kisasa, imesafishwa. Walimwamini. Kwa nini wasimwamini?

Na sasa kamba walikuwa wanaoza kwenye kiganja cha Sabra wakiwa bado wazima.

Alimpelekea Evance salamu kwa dereva wa lori la nyanya. Evance akafika siku ya pili, safari hii na gari dogo. Hakuvaa mabuti. Alisimama kwenye tuta, mikono kiunoni, akatazama vipande vilivyoelea.

"Mama Mosi, mnawalisha ovyo," alisema. Mosi ni binti mkubwa wa Sabra, ameolewa Dakawa.

"Tunawalisha kama ulivyotufundisha."

"Basi hamkuchanganya chokaa vizuri. Mkishapata bati kidogo mnaona mmemaliza. Ufugaji unataka nidhamu." Aligeuka kuwatazama wanawake wengine wenye mabwawa waliokuja kusikiliza, ambao kamba wao nao walikuwa wanakufa. "Ongezeni chokaa. Maji yamezidi uchachu msimu huu."

"Una kile kikaratasi?" Sabra aliuliza.

"Vimeisha. Siku hizi vinauzwa ghali, haviletwi bure kama zamani. Lakini mimi kwa macho tu naona. Ongezeni."

Waliongeza. Sabra aliuza cherehani yake, ile aliyonunuliwa na marehemu mumewe, akanunua mifuko ya buluu, na yeye na Asha wakaimwaga yote. Maji yakawa meupe siku nzima. Yalipotulia, utelezi mweupe ulikuwa umelala chini ya bwawa, na kamba waliobaki wakawa wachache zaidi.

Ndipo Sabra akaamua kwenda mwenyewe Mwembesongo. Hakwenda kugombana. Alikwenda kuomba kile kikaratasi, hata kama ni cha kununua.

Alifika adhuhuri. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa, lakini nyuma alisikia beleshi likikwangua sakafu. Akapita uchochoroni, kati ya duka na kiwanda cha kusaga, akatokea uani.

Evance alikuwa amefunga leso puani, mikono ya shati ameikunja. Mbele yake kulikuwa na lundo la udongo mweupe, ule ule ambao watu huchota kupaka kuta za nyumba zao sikukuu ikikaribia. Pembeni mfuko mmoja wa chokaa ya kweli, umefunguliwa, umepungua kidogo. Alikuwa anachota beleshi baada ya beleshi ya udongo, kisha kikopo cha chokaa juu yake, kama mtu anayetia chumvi mchuzi. Mifuko mitupu yenye maandishi ya buluu ilikuwa imepangwa kando, inasubiri kujazwa.

Sabra alisimama hadi Evance alipoinua macho.

Evance alishusha leso.

"Karibu, Mama Mosi."

"Huo ni udongo."

"Ni kichanganyio."

"Evance, huo ni udongo. Mimi nimepaka nyumba yangu na huo udongo."

Evance aliliegemeza beleshi ukutani. Sabra alitegemea aone aibu usoni kwake, na kama angeiona labda mambo yangekwenda vingine. Hakuiona. Aliona uchovu tu, na kero ya mtu aliyekatishwa kazi.

"Kaa chini nikueleze," Evance alisema. "Chokaa halisi inatoka mbali. Nikiuza yenyewe tupu, hakuna hata mmoja wenu atakayeimudu. Kwa hiyo naipunguza ili kila mtu apate. Hii ni biashara huria. Walioko Dar wananiuzia dawa za mimea zilizokufa, mbona sijaenda kuwapigia kelele?"

"Ulijua kamba watakufa?"

"Sikujua kwamba watakufa wote."

"Ulikuja ukasimama kwenye tuta langu ukasema tunawalisha ovyo. Mbele ya watu. Ulijua?"

"Mama Mosi, mimi nilipofukuzwa kazi nani alinililia? Nyinyi mliokula perege wangu bure, nani alikuja hata kunijulia hali? Nina watoto wanasoma."

Pengine ilikuwa kweli kwamba hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Hilo Sabra alilifikiria baadaye, na halikumpunguzia hasira hata chembe.

"Wewe ndiye uliyetufundisha," alisema, na sauti yake ikapanda. "Mtu mwingine akifanya hivi nitasema hajui. Wewe unajua mpaka saa ambayo kamba anavua gamba. Unajua mchanga hawezi kuvumilia. Umechukua ujuzi wako huo huo ukatuulia nao. Na cherehani yangu! Umesema niongeze, nikauza cherehani nikaongeza udongo!"

"Punguza sauti."

Hapo ndipo alipolishika beleshi.

Evance aliruka nyuma, akidhani linamjia yeye. Sabra alilipiga kwenye mfuko uliojazwa, ukapasuka. Akapiga wa pili. Wa tatu aliuburuta kwa mikono hadi mbele ya duka, akaupasulia barabarani, akarudi kuchukua mwingine. Watu wa Mwembesongo hawahitaji kuitwa mara mbili. Walijaa. Sabra alikuwa mweupe mwili mzima, nyusi nyeupe, midomo myeupe, anapiga kelele hadi mishipa ya shingo imesimama.

"Njooni mchote! Njooni mpake nyumba zenu! Bure! Hii ndiyo chokaa ya Evance! Njooni!"

Baadhi walicheka. Wengine walichota kweli. Mama mmoja muuza mihogo alisugua udongo kati ya vidole vyake, akamtazama Evance, akatema mate chini.

Polisi walikuja wakamchukua Sabra.

Kituoni aliandikiwa uharibifu wa mali. Alieleza habari ya udongo kutoka mwanzo. Askari aliyekuwa kaunta, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nakuelewa. Lakini ulichovunja kinaonekana. Chokaa nani ataipima? Zamani kulikuwa na ofisi za kukagua vitu hivi. Siku hizi mnunuzi anajiangalia mwenyewe."

"Kwa hiyo aliyeniibia yuko dukani, na mimi niko ndani."

"Ndiyo hivyo," askari alisema, na akaonekana kusikitika.

Alikaa mahabusu hadi kesho yake mchana. Walipomfungulia walimwambia mlalamikaji amefuta kesi. Nje alimkuta mjomba wake Dadi, amevaa kanzu na koti, amechoka, na Asha amebeba khanga safi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Pole. Haya twende nyumbani."

Walikuwa wamepita soko la nyanya Mlali, karibu kabisa kufika, Sabra alipouliza kwa nini Evance amefuta kesi. Asha alitazama chini. Mzee Dadi alikohoa.

"Tulikwenda kwake jana jioni. Mimi na wazee wawili wa lukolo. Tulimpelekea mbuzi. Tukamwomba radhi kwa niaba yako."

Sabra alisimama katikati ya njia.

"Radhi ya nini?"

"Ya vurugu. Ya mali yake."

"Na yeye alisemaje?"

"Alitusamehe. Mbele ya watu, pale dukani. Alisema hana kinyongo, kwamba wewe umefiwa na mume na umepoteza kamba, akili ilikupaa kidogo."

"Akili ilinipaa."

"Ni maneno tu, Sabra."

"Mjomba, uliuona ule udongo?"

"Niliuona."

"Ukajua ni udongo."

"Mimi si mtoto. Nilijua."

"Basi mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa. Umetoka. Ungependa nikuache mle ndani ili watu waone hujakosa? Kesi ikienda mahakamani watataka fidia, tutauza nini? Tutauza ardhi. Hiyo ardhi si yako peke yako."

Kila alichosema mzee kilikuwa na maana, na ndicho kilichomchoma zaidi. Alikwenda kwake akajifungia. Asha alimletea uji akaukuta asubuhi umepoa mlangoni.

Wiki chache zilipopita alijua uzito wa ile radhi. Msimu mpya ulikuwa unakaribia, na wanawake wenye mabwawa walianza kujipanga tena kwenda Mwembesongo kuchukua vichanga na chokaa. Alimsimamisha mmoja wao, Regina, mjane aliyetoka mashamba ya miwa akahamia Mlali.

"Regina, unakwenda kununua udongo?"

Regina alihangaika na kamba ya kikapu chake.

"Dada Sabra, usinielewe vibaya. Sisi tulikuamini. Lakini wazee wako walikwenda kuomba radhi. Mtu haombi radhi kama hajasema uongo. Labda kweli tuliwalisha vibaya."

Sabra aliondoka moja kwa moja hadi kwa mjomba wake. Mzee Dadi alikuwa anapukuchua mahindi barazani.

"Shikamoo. Mjomba, nakwenda kuichukua ile radhi."

"Unakwenda kuchukua nini?"

"Radhi. Uliitoa wewe, lakini ilikuwa yangu, na sikukutuma. Wanawake wanairudia ile chokaa kwa sababu ya radhi yako. Vichanga vyao vitakufa tena kama vyangu, halafu watakwambia wewe asante?"

"Radhi ikishatolewa haitanguliwi. Utanivua nguo mbele ya mji mzima."

"Yeye amenivua mimi."

Mzee aliweka gunzi chini polepole.

"Ukienda, Sabra, usipite tena hapa kunisalimia. Na hayo mabwawa, nitayafikiria."

"Fikiria, mjomba," Sabra alisema.

Alikwenda siku ambayo lori la vichanga lilikuwa linatarajiwa kutoka Dar. Asha alimfuata bila kuambiwa. Duka la Evance lilikuwa limejaa wafugaji wa Mlali na wa vijiji vingine, mifuko ya buluu imepangwa hadi barazani. Regina alikuwemo, amekwisha kuchagua wa kwake. Evance alipomwona Sabra alitabasamu, tabasamu la mtu aliyesamehe.

"Mama Mosi! Karibu. Yaliyopita si ndwele."

"Sikuja kununua. Mjomba wangu alileta radhi hapa kwa jina langu. Nimekuja kuichukua."

Waliokuwa wakichagua mifuko wakageuka.

"Radhi si mfuko wa chokaa, Mama Mosi, hairudishwi."

"Mbuzi mliyemla sitamdai. Nadai neno langu. Nasema mbele ya hawa wote, na akili yangu haijapaa: sikukosa, sikuomba radhi, na sitaomba mpaka nakufa. Nilikukuta uani unachanganya udongo wa kupaka nyumba. Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia kamba mchanga hawezi kujenga gamba kwenye maji machachu. Waambie hawa sasa hivi kwamba nasema uongo. Halafu twende wote uani."

Jasho lilikuwa limemtoka Evance juu ya mdomo. Aliangalia mlango wa nyuma, haraka tu, lakini kila aliyekuwemo alimwona akiangalia.

"Nitaita polisi," alisema.

"Waite. Njia naijua."

Hakuwaita. Regina aliubwaga mfuko wake sakafuni, vumbi jeupe likaruka. Mwanamke wa pili akaubwaga wake. Mzee mmoja kutoka vijiji vya juu aliuliza kwa hasira wapi basi patapatikana chokaa ya kweli, lakini hakukuwa na duka jingine Morogoro nzima lililouza. Akasimama kidogo, akatikisa kichwa, akalipa, akaondoka na mifuko miwili ya udongo begani kwa mpagazi. Sabra alimtazama akienda. Alitamani kumkimbilia amvute kanzu. Alitamani kumpiga.

Alirudi Mlali jioni, jua bado liko juu ya mlima. Alipita kwa mjomba wake makusudi. Mlango ulikuwa umefungwa, na moshi unatoka jikoni.

"Shikamoo mjomba," alisema nje.

Kuku walipita. Alisubiri, na alikuwa ameshageuka aondoke.

"Marahaba," sauti ya mzee ilisema ndani. Mlango haukufunguka.

Asha alikuwa ametangulia bwawani na jembe. Walikubaliana njiani kwamba maji yale yote yamwagwe, na ule utelezi mweupe ukwanguliwe hadi udongo mwekundu uonekane, ingawa hawakujua kama mzee Dadi atawaachia mabwawa. Sabra alikunja khanga, akaingia. Matope yalikuwa baridi. Alilipiga tuta kwa jembe kwa nguvu zake zote, tena na tena, hata baada ya maji kuanza kutoka.